Ushahidi Dhidi ya Mama Kaleb

Huku Marekani,
siku chache baada ya Idi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo mama, na salamu za amani zikufikie hapo ulipo. Nakuuliza goti kabla ya yote, maana najua wewe mwenyewe hutalitaja. Je, linakuruhusu kurukuu, au bado unasali juu ya kiti? Na ule ukuta wa uani ulioanguka kwa mvua, mafundi wamekwisha kuuinua, au wanakuja kunywa chai yako tu na kuondoka? Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Hassani, Baba Salma, mgongo unamsumbua kwa kusimama kutwa kiwandani akikata kuku, nami viganja vimechanika kwa sabuni za kufulia mashuka ya wazee, lakini tunakula na tunalala. Siwezi kudai zaidi ya hapo.

Barua hii umepewa na Salma mwenyewe. Ameongozana na familia moja ya Korogwe mpaka Dar, na kaka kamleta Tanga. Nilimwambia asiifungue, akanijibu hana haja, yaliyomo yote alikuwepo. Basi mpe chai kwanza, umwonyeshe pa kulala, ndipo uvae miwani yako. Nimeandika kwa mkono kama zamani kwa sababu kwenye simu kila nikianza nalia, wewe unaniambia nyamaza mwanangu, tunaishia kuulizana habari za mvua. Na zile sauti ninazokurekodia, nyumba nzima hapo Chumbageni inazisikiliza, mpaka mpangaji. Haya nataka uyajue wewe, na baada yako atakayejua ajue.

Mji wetu ni mdogo, mama. Mtu akitoka Chumbageni akafika Raskazone kwa bajaji, huku kwetu angekuwa ameshaumaliza mji na kuingia mashambani. Kuna sekondari moja, kiwanda cha kuku, nyumba ya kulelea wazee ninapofua, makanisa, halafu mahindi mpaka macho yachoke. Nyumba inayofuatana na yetu ilikuwa ya Dona na mumewe Wesli, na mtoto wao mmoja tu, Kaleb.

Tulipofika mwaka ule wa kwanza, theluji ilikuwa magotini na mtambo wa joto wa nyumba umekufa. Wesli alikuja na sanduku lake la vifaa bila kuitwa, akalala sakafuni mpaka ukawaka. Dona akaleta supu kwenye sufuria, akaniuliza kwa ishara kama tunakula nguruwe. Nikatikisa kichwa. Akaondoka na supu yake, akarudi baadaye na nyingine ya kuku. Nilimpenda hapo hapo. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda changu hospitali mimba ilipoharibika na Hassani yuko zamu kiwandani.

Nikawa namwita Mama Kaleb, kama ningemwita Tanga. Akaniuliza maana yake. Nilipomweleza kwamba kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na kwamba ni heshima, alifurahi mpaka akawa anajitambulisha hivyo kwa watu dukani. Mimi akaniita Mama Salama, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Kaleb alikuwa mrefu, mnyamavu, nywele zimemfunika macho. Salma alipokuwa hajui neno la Kiingereza, Kaleb ndiye aliyemfundisha baiskeli, akiishika kwa nyuma na kukimbia naye barabara nzima. Hicho ndicho kinachonichosha zaidi ya vyote. Nikimfikiria namwona anakimbia nyuma ya baiskeli.

Alipotimiza miaka kumi na mitano walitualika keki. Baba yake akatoa sanduku refu lenye utepe. Ndani mna bunduki. Bunduki ya kweli, mama, si ya kuchezea. Watu wakapiga makofi. Huku jambo hilo ni la kawaida, baba na mwanawe wanakwenda porini kuwinda. Hassani alinikanyaga mguu chini ya meza nisije nikasema kitu, nami nikala keki.

Baadaye yule mtoto akabadilika. Akawa haonekani uani, taa ya chumba chake haizimwi. Siku moja Dona alikuja jikoni kwangu, uso umemvimba kwa kulia. Akaufunga mlango wangu kwa ufunguo, ndipo akakaa.

"Namwogopa mwanangu," aliniambia. "Ameandika ukutani mambo ya kufa na kuua. Nimemwambia Wesli mara kadhaa ile bunduki aifungie kwenye kabati la chuma, ananicheka, ati namdekeza mtoto, ni umri tu, utapita."

"Basi itoe wewe," nilimwambia. "Ilete hapa. Hassani ataiweka."

"Wesli akijua, hatutalala kwa maneno."

"Msilale. Itoe, Mama Kaleb."

Akanywa chai yake, akanawa uso, akarudi kwake. Hakuitoa. Mimi tangu siku ile nikamkataza Salma kukanyaga nyumba ile. Siku nyingine nikamuuliza tena Dona, akasema hali imetulia, mtoto anakula vizuri.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa chumba cha kufulia na mwenzangu Maria, mwanamke wa Guatemala. Binti yake Ana alikuwa dawati moja na Salma, na kwetu alikuwa kama mtoto wa nyumbani, anajua mpaka kukaanga maandazi. Simu zetu zililia kwa pamoja, yangu na yake na ya msimamizi. Ujumbe wa shule: kuna mtu mwenye silaha, watoto wamejifungia madarasani, wazazi wasiende. Tulikwenda na nguo za kazi zikiwa zimelowa.

Walitukusanya kwenye ukumbi wa kanisa. Mabasi yakaanza kuleta watoto. Kila basi likifunguliwa mlango, watu wote wanasimama, halafu wenye bahati wanakimbilia mbele na sisi tunakaa tena. Maria alikuwa amenishika mkono. Tulishikana hivyo muda mrefu. Salma alishuka kwenye basi la mwisho. Sweta lake lilikuwa na damu, nikampapasa kila mahali natafuta jeraha, akasema, "Si yangu, mama." Basi likawa tupu. Askari na mchungaji wakasimama mlangoni, wakataja jina la Maria. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mwanangu kwa mkono mmoja, na ule wa pili bado uko ndani ya mkono wa Maria. Ilibidi niuchomoe, mama. Mpaka leo nausikia mkono ule.

Walikufa watoto watatu na mwalimu wa hesabu. Ana alimwangukia Salma, na Salma akabaki chini yake bila kutikisika mpaka polisi walipoingia. Hayo hajanisimulia mimi, aliyasema kwa mshauri wa shule. Mimi nimeyasikia mahakamani kama watu wengine.

Kwamba mpigaji ni Kaleb tulijua jioni. Hakujiua, walimkuta amekaa chooni na bunduki ameiweka pembeni. Polisi walijaa barabarani kwetu. Dona alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake bila viatu, kwenye baridi ile, anaangalia wanavyotoa vitu. Nilimwona kupitia dirishani. Sikutoka. Ningetoka nikamwite kwa jina gani? Jina nililozoea halikutamkika tena.

Mazishi ya Ana sitayaandika.

Sheria ya huku ilichukua mkondo wake, na ni mkondo mrefu. Kwanza wakamshtaki Kaleb kama mtu mzima. Halafu wakawashtaki wazazi wake wote wawili, kwamba walijua hali ya mtoto wao na wakaiacha bunduki mahali anapoifikia. Wakapewa dhamana, wakafungwa miguuni vyuma vya kuonyesha walipo, wakarudi nyumbani. Mpelelezi akazunguka nyumba za mtaa. Alipofika kwangu akauliza kama niliwahi kusikia chochote kuhusu bunduki ile. Nilimwambia niliyoyasikia. Sikujua wakati ule kwamba ukishamwambia mpelelezi, umeshaanza safari ya kizimbani. Samansi ya kuitwa mahakamani ikaja.

Nilipokueleza kwenye simu ulisema maneno ambayo nimekaa nayo kifuani tangu hapo: "Zuhura, umekula kwa yule mama. Kakukalia kitandani ulipokuwa hujiwezi. Leo ukasimame mbele ya watu umtie ndani? Mtaishije ukuta kwa ukuta?" Ukanikumbusha Mjomba Shebe na kesi ya minazi kule Pangani, alivyokwenda kuonyesha mpaka wa shamba ulipo, akasema kweli, na jirani yake hakumwamkia tena. Hata siku tuliyomzika mjomba, yule bwana alibaki ng'ambo ya mto, hakupanda kivuko. Nakumbuka, mama. Nilikuwa mdogo lakini nilikuona ukiangalia ng'ambo kama atakuja.

Sikukujibu siku ile. Na upande wa pili kulikuwa na Maria. Alikuwa amerudi kazini, tunakunja mashuka pamoja kama kawaida, yeye ncha hii na mimi ncha ile, kwa sababu shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Katikati ya kukunja akasema, "Wameniambia wewe ndiye uliyesikia."

"Ndiyo."

"Usinipunguzie hata neno moja. Usimwonee huruma kwa sababu ya supu."

Nilikuwa nimemsimulia ile habari ya supu, siku za furaha. Nikakunja shuka.

Mahakama iliwaamuru washtakiwa wasiseme na mashahidi hata neno. Kwa hiyo miezi yote ile, asubuhi ya kutoa mapipa ya taka, mimi natoka na pipa langu na Dona anatoka na lake, tunasimama hatua chache tu, na haturuhusiwi kuamkiana. Yeye anaangalia chini, nami naangalia magurudumu ya pipa. Mtu aliyelelewa Tanga hajui kupishana na mtu asubuhi bila kumwambia habari za kuamka. Nilikuwa naingia ndani nimechoka kabla hata siku haijaanza. Wesli yeye aliacha kutoka kabisa. Kuna watu walikuja kuandika matusi kwenye karakana yake kwa rangi nyekundu. Alipaka nyeupe juu yake, wakaandika tena, akaacha.

Kesi ya Kaleb ilikwenda haraka kwa sababu alikiri. Siku ya hukumu familia za marehemu na watoto walionusurika waliruhusiwa kusema. Maria alisema kwa Kihispania, mkalimani akatafsiri, na mkalimani mwenyewe akalia. Salma hakuwa ametuambia kama atasema. Alikuwa ameandika karatasi na mshauri wake. Alipofika mbele aliikunja, akaishika tu.

"Kaleb, niangalie," alisema.

Yule mtoto akaendelea kuangalia meza. Amekonda, mama, shingo imekuwa kama ya kuku.

"Ulikuwa unanishikia baiskeli nisianguke. Nataka kujua, yule alikuwa wewe?"

Kaleb akainua uso. Midomo ikafunguka, neno halikutoka. Salma akasubiri. Ukumbi wote ukasubiri. Kisha akarudi akakaa katikati yangu na baba yake. Hakimu akampa Kaleb kifungo cha maisha, asitoke humo. Nilidhani nitasikia kitu, nafuu au uchungu, sikusikia chochote. Maria aligeuka akaniuliza, "Basi? Ndiyo imekwisha hivyo?" Nikamwambia sijui.

Ya wazazi ikafuata. Wanaoamua huku ni raia kumi na wawili wanaookotwa mjini, fundi bomba, mwalimu, mama wa nyumbani, wamekaa safu mbili wanakuangalia mdomo. Waliniuliza kama ninataka kuapa kwa Biblia, nikasema nitathibitisha kwa dini yangu, wakakubali bila ubishi. Wakaniletea mkalimani kwenye kioo cha kompyuta, bwana wa Kongo. Mtu wa heshima, ila Kiswahili chake na changu vilikuwa vinatafutana. Mara ya tatu nilipomsikia anakwama nikaomba nijibu mwenyewe kwa Kiingereza changu hiki hiki.

Dona alikuwa amekaa karibu sana. Amekata nywele. Nilipopita mbele yake nilisikia mafuta anayojipaka, yale yale.

Mwendesha mashtaka akaniongoza taratibu: keki, sanduku, utepe, halafu jikoni kwangu. Nikasema kila kitu alichoniuliza. Ikafika zamu ya wakili wao wa utetezi, kijana mtanashati, sauti laini.

"Wakati ule Kiingereza chako kilikuwaje, bibi?"

"Kibaya."

"Basi huenda hukumwelewa. Kuna mama kusema anamwogopa mwanawe, na kuna mama kusema anamhofia mwanawe, kwamba ana wasiwasi asije akaumia au akaugua. Kwa lugha yetu maneno hayo yanakaribiana sana. Una uhakika gani alisema lipi?"

Nilimwona Dona kwa pembe ya jicho. Nilijua nikisema sina uhakika hakuna atakayenilaumu, mwanamke mgeni, lugha ya watu. Wewe ungeridhika. Dona pengine angekwenda nyumbani. Nikamwona na Maria, safu ya pili, amekaa kwenye kiti na pembeni yake kiti kitupu ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Alinifungia mlango," nilisema. "Kabla hajasema, alizungusha ufunguo wa mlango wangu. Mtoto wake alikuwa nyumba ya pili. Mama mwenye wasiwasi mtoto ataugua hamfungii mlango."

Dona akasema, "Ni kweli." Alisema kwa sauti, mahakama yote ikamsikia. Wakili wake akamshika bega, hakimu akaamuru maneno yale yasihesabiwe, lakini watu kumi na wawili walikwisha kuyasikia.

Wakili akasema hana swali zaidi. Mwendesha mashtaka naye akasema amemaliza. Nikaona wananifungulia mlango wa kizimba na mimi bado sijamaliza. Nikamgeukia hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Naomba kumalizia."

"Shahidi anajibu anayoulizwa tu," alisema mwendesha mashtaka.

"Mmeniapisha niseme kweli yote," nilimwambia hakimu. "Nimesema nusu."

Wakanitoa nje, wakabishana wao wenyewe, wakanirudisha. Wakaniruhusu. Nikasema kwamba Dona alimwomba mumewe aifungie bunduki, akamwomba zaidi ya mara moja, na mumewe akamcheka. Nikasema pia nilimwambia ailete kwangu na hakuileta. Ile habari ya kumwomba mumewe ilimsaidia Dona na ikamwangamiza Wesli. Wesli aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyepotea njia. Nami nikamwona amelala sakafuni kwangu, anatuwashia joto.

Raia wale walikaa siku kadhaa wakijadiliana. Wakamtia hatiani Wesli kwa vifo vyote vinne, akapewa miaka mingi, atatoka mzee kama atatoka. Dona walimtia hatiani kwa kosa dogo kuliko hilo, uzembe, akafungwa mwaka mmoja na nusu, na akapewa wiki chache za kupanga mambo yake kabla ya kujipeleka gerezani mwenyewe. Nje ya mahakama waandishi walitaka nieleze ninavyojisikia. Hassani alinifunika kwa koti lake tukapita.

Sasa nakujibu, mama, ulichoniuliza. Sikwenda kule kumfunga Dona, wala sikwenda kumlipia Maria kisasi. Nilikwenda kwa sababu yale maneno yalisemwa jikoni kwangu na watu wanne hawapo. Mjomba Shebe ulimlilia kwa upweke wake, lakini sikuwahi kukusikia ukisema alidanganya. Kama bado unaona nimekosa, nitakubali uniambie. Ila uniambie mimi, usimwambie Salma.

Na kuhusu Salma. Kwa miezi mingi amekuwa akisema anataka kwenda kwa bibi. Mwanzo nilikataa, nikadhani ni kukimbia. Sasa naona hata kama ni kukimbia, akimbie. Shule yake ameahirisha, asikimbizwe kuingia nyingine. Dada Mwanaidi akitaka kumpeleka ile shule anayofundisha Raskazone akatembee tu, amuulize kwanza, na akikataa mlangoni wageuke warudi bila maneno. Akiingia mahali atatafuta kiti cha ukutani kinachotazama mlango, mwachieni. Bodaboda ikitoa mlio atalala chini. Watoto wa mtaani wasimcheke, na wewe usimwambie ni pikipiki tu, anajua ni pikipiki. Wakiwa na harusi ya fataki mtoeni mapema. Usiku ataacha taa. Wageni wakija kumpa pole, wape pole yao barazani waishie hapo. Wewe mpe kazi: akune nazi, apete mchele, akusomee Yasini. Anapenda kuambiwa fanya hiki. Kuulizwa unajisikiaje hapendi kabisa, ameulizwa sana.

Neno moja limebaki, nalo ni la wiki iliyopita.

Nilirudi kazini nikamkuta Dona anahamisha vitu. Nyumba ameiuza. Gari la mizigo limesimama mlangoni na yuko peke yake, maana mji huu hakuna mtu angekuja kumshikia hata kiti. Alikuwa anakokota godoro la Kaleb kwenye theluji inayoyeyuka, analivuta, linamvuta. Kesi imekwisha, amri imekwisha, tunaruhusiwa kusemeshana, lakini tulikuwa tumesahau jinsi ya kuanza. Nikaweka mkoba chini nikashika upande wa pili. Hakuinua uso. Tukalifikisha garini likatushinda, limelowa maji, kila tukiliinua linapinda katikati na kuteremka.

Nikasikia mlango wetu. Salma. Tangu siku ile hakuwahi hata kuangalia upande wa nyumba ile. Pazia la chumba chake la upande huo alilishona likafungwa moja kwa moja. Alitoka na kandambili juu ya soksi, akaja mbio mbio kama mtu anayeogopa atabadili mawazo, akainama akaingiza bega chini ya godoro, pale katikati.

"Inueni," alisema.

Tukainua. Likaingia.

Dona alifungua mdomo kutaka kusema kitu. Salma hakungoja, akageuka akarudi ndani, nyayo zake zimelowa. Dona akakaa kwenye ukingo wa gari, akalia kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu mzima akilia, nami nikakaa karibu yake mpaka akanyamaza. Hatukusema kitu cha maana. Aliniuliza gerezani wanaruhusu soksi za sufu, nikamwambia sijui, nitamuulizia. Kesho yake nilimsimulia Maria wakati wa kukunja mashuka, kwa sababu sikutaka aipate kwa mtu mwingine. Aliachia ncha yake, akatoka nje. Baadaye akarudi, akaishika tena, tukaendelea.

Jioni ya siku ile ya godoro nilimuuliza Salma mezani, "Umemsamehe?"

"Hapana," alisema. Akaendelea kula. Kisha akasema, "Godoro lilikuwa zito, mama. Na yeye alikuwa peke yake."

Huyo ndiye mjukuu uliyempokea leo. Nimekuletea kama alivyo.

Nisalimie dada yangu Mwanaidi mwalimu, mwambie nguo nilizompa Salma amletee ni zake na asigombane na mtu. Nisalimie kaka, na ahsante kwa safari ya Dar. Shangazi wa Pangani mpe shikamoo yangu, akivuka kuja kumwona mtoto alete tende kama kawaida yake na asilete maswali. Bi Kidawa jirani yako, mwenye kisima, mwambie namkumbuka. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kama bado anaona, aniombee dua, na dua ile amtie Ana ndani yake, dini yake Mungu anaijua. Hassani anakuamkia, yuko zamu, ameniachia nimwandikie shikamoo yake hapa.

Goti lisugue kwa mafuta ya karafuu niliyomfungia Salma, chupa ya kahawia, si ile nyeupe.

Ni mimi mwanao niliye mbali na kwenu,
Zuhura, Mama Salma